Bando limekwenda wapi? Namna ya kulifuatilia kabla hujagombana na mtandao

Saa nne na robo asubuhi, mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni aliitua simu yake juu ya meza yangu ya ufundi kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Mwanangu, hawa watu ni wezi. Nimeunga GB nzima saa kumi na mbili, hata sokoni sijafika. Sasa hivi naambiwa kifurushi kimekwisha. Na sijaangalia video hata moja!"

Nikamvutia kigoda, tukaifungua simu pamoja. Matumizi ya siku ile yalisomeka hivi: WhatsApp MB 412, Play Store MB 331, Facebook MB 190, na vidogovidogo vingine kama MB 60. Ukijumlisha unaipata GB yake karibu yote. Hakuna aliyemwibia, ila na yeye hakudanganya. Video hakuangalia. Simu ndiyo iliyokuwa ikipakua video za magrupu yake 11, na alfajiri hiyohiyo Play Store ikaona ni wakati mzuri wa kusasisha programu tatu ambazo mama wa watu hajazifungua tangu ainunue simu.

Siku mbili baadaye akaja kijana wa bodaboda na malalamiko yaleyale, neno kwa neno. Tukapima. Safari hii kosa lilikuwa la mtandao, na pesa yake ikarudi. Nitamrudia huko chini.

Kwa hiyo utaratibu ninaowapa wateja wangu hapa Kirumba, Mwanza, ni huu: jikague kwanza. Ukishajikagua na hesabu bado haikubali, gomba, maana una kitu mkononi. Ukianza na kugomba, dada wa huduma kwa wateja atakuambia "ndugu mteja, jaribu kupunguza matumizi", na hapo amekumaliza.

Nazungumzia zaidi simu za Android, kwa sababu Tecno, Infinix, itel na Samsung ndizo zinazojaa mezani kwangu. Mwenye iPhone atakuta mambo yaleyale kwa majina mengine.

Hatua ya 1: Kisome kifurushi kabla ya kubonyeza

Menyu za mitandao zina haraka, na sisi tuna haraka kuzizidi. Tunabonyeza 1, 3, 1, namba ya siri, kwisha. Tulia uangalie mambo haya.

Muda. "Siku" ni saa 24 tangu ununue, au ni mpaka saa sita usiku wa leo? Vipo vya aina zote mbili. Ukiunga saa tatu usiku kifurushi kinachokufa saa sita, umenunua saa tatu za intaneti kwa bei ya siku nzima.

Aina ya MB. GB 3 zilizoandikwa kwa herufi kubwa huweza kuwa GB 1 ya kawaida, GB 1 ya usiku na GB 1 ya mitandao ya kijamii. Hizi za kijamii zina mtego wake: ukiwa ndani ya Facebook ukabofya kiungo cha gazeti, umeshatoka Facebook, na zinazoliwa ni MB za kawaida. Watu wengi hulalamika "za kijamii bado zipo lakini intaneti imekata". Ndiyo sababu.

MB za usiku nazo zina watu wake. Mchuuzi wa Kayenze anayeamka saa tisa usiku kusubiri mitumbwi ya dagaa, akitumiana bei na wanunuzi wa mjini, zinamfaa kabisa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa hupumzika, na yeye hulala kama watu wengine. Wiki hiyo MB za usiku zinamwozea.

Halafu bei ya MB moja. Chukua bei, igawe kwa idadi ya MB. Kwa mfano tu, tuseme kifurushi cha siku ni shilingi 1,000 kwa MB 350: kila MB imekugharimu shilingi 2.86. Cha wiki ni shilingi 5,000 kwa MB 2,000: shilingi 2.50. Cha mwezi ni shilingi 20,000 kwa MB 9,000: shilingi 2.22. Cha mwezi kinaonekana mfalme. Lakini mwezi ukaisha umetumia MB 6,000 na 3,000 zimekufia mkononi. Sasa gawa 20,000 kwa 6,000 ulizotumia kweli: shilingi 3.33. Kile cha siku ulichokidharau kimekushinda. Kwa hiyo gawa kwa MB unazotumia, usigawe kwa zile unazoahidiwa.

Kabla MB hazijakufa, kumbuka kwamba kanuni za vifurushi zilizotolewa mwaka 2021 na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, zinakupa njia: ukinunua kifurushi kilekile kabla cha kwanza hakijaisha muda, kilichobaki kinaendelea. Kilekile maana yake kilekile. Ukinunua cha bei nyingine, usitegemee.

Hatua ya 2: Lifungie salio

Hili ni tundu kubwa kuliko yote na linachukua dakika mbili kuziba. Kifurushi kikiisha huku data imewashwa na una salio la kawaida, simu inaweza kuendelea kula intaneti kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo ni kali. Shilingi 5,000 ulizoweka jioni kwa ajili ya kuunga asubuhi, unaamka zimebaki shilingi 40.

Njia rahisi ninayoitumia mwenyewe: siweki vocha. Naunga moja kwa moja kutoka kwenye pesa za simu, kiasi kinachonunua kifurushi na si zaidi. Salio likiwa sifuri hakuna cha kuliwa. Ukilazimika kuweka vocha, unga papo hapo, usilaze hela kwenye laini. Na mtandao ukikuuliza kama unakubali kutumia intaneti nje ya kifurushi, kataa. Kama hukumbuki ulijibu nini siku ile, ingia kwenye menyu ya intaneti au piga huduma kwa wateja uwaambie wafunge.

Wenye tabia ya kukopa salio na MB, jihesabuni. Deni hukatwa pale unapoweka vocha, pamoja na ada yake, na mtu akisahau alikopa hudhani ameibiwa.

Hatua ya 3: Pima siku saba

Chukua daftari, hata la mahesabu ya duka. Kwenye simu fungua Mipangilio (ile alama ya gia), kisha Mtandao na intaneti, kisha Matumizi ya data. Hapo kuna jumla ya data uliyotumia kwenye laini na orodha ya programu, mlaji mkubwa akiwa juu. Hesabu hii huenda kwa mwezi, kwa hiyo huwezi kuisoma kama ya leo. Andika namba iliyopo sasa hivi, ndiyo ya kuanzia.

Kila ukiunga kifurushi andika tarehe, saa, bei, MB ulizoahidiwa, na namba inayosomwa kwenye simu. Kikiisha andika tena saa na namba. Toa ya kwanza kwenye ya pili. Meseji za mtandao usizifute, ile ya "umefanikiwa kujiunga" na ile ya "kifurushi chako kimekwisha". Kwa kanuni zilezile za 2021, mtandao unatakiwa kukujulisha matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika asilimia 100. Hizo meseji mbili ni saa ya ukutani: zinakuonyesha kifurushi kilikatika lini, nawe unalinganisha na ulichokuwa unafanya.

Usitegemee namba zigongane sawasawa. Kuna anayehesabu GB moja kuwa MB 1,000 na anayehesabu kuwa 1,024. Tofauti ya MB 24 kwenye GB moja ni uhesabuji tu. Simu ikisoma MB 700 na mtandao unasema GB nzima imekwisha, hapo pana swali.

Kama una laini mbili, hakikisha unasoma ya laini inayotumia data. Nimewahi kubishana nusu saa na mwalimu mmoja wa Pasiansi, mimi nikiona MB 90 na yeye akiapa ameunga GB 2. Tulikuwa tunasoma laini ya pili.

Hatua ya 4: Ziba matundu, kuanzia WhatsApp

Siku saba zikiisha orodha itakuambia nani anakula. Kwa wateja wangu wengi ni WhatsApp, nao hushangaa, kwa sababu wanaichukulia kama meseji tu. Maandishi ni mepesi kweli. Uzito uko kwenye magrupu. Chukua grupu la ukoo, la kikoba, la kwaya, la wazazi wa darasa la nne, la waliosoma pamoja Nsumba, la harusi ya mwaka juzi ambalo hakuna aliyethubutu kutoka. Klipu moja ya MB 8 ikizunguka kwenye magrupu, na kwa siku zikaingia klipu 30, hizo ni MB 240 kabla hujasalimia mtu.

Ndani ya WhatsApp fungua Mipangilio, kisha Hifadhi na data. Tafuta sehemu ya upakuaji wa otomatiki wa media. Ukigusa ile ya data ya simu utakuta visanduku vya picha, sauti, video na nyaraka. Ondoa kila tiki unayoikuta. Kuanzia hapo picha itakuja ikiwa na ukungu na mshale, nawe utaamua kuigusa au kuiacha. Papo hapo washa kipengele cha kutumia data kidogo wakati wa kupiga simu. Na kwenye hifadhi ya nakala za mazungumzo, chagua Wi-Fi pekee, kwa sababu nakala yenye video inaweza kuwa GB kadhaa, na huenda saa nane usiku ukiwa umelala.

Sehemu hiyohiyo ina ukurasa wa matumizi ya mtandao, unaotenganisha simu, media, status na meseji. Yule mama wa dagaa alipouona alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe grupu la kwaya." Kwaya ilikuwa inarusha mazoezi mazima, video baada ya video. Tuliondoa tiki tu, grupu hakutoka, maana kutoka ingeleta maneno. GB iliyokuwa inakufa saa nne asubuhi sasa inamfikisha siku ya tatu.

Play Store: gusa picha yako juu, ingia Mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao, na kwenye kusasisha programu chagua kwa Wi-Fi pekee. Usiache kusasisha kabisa, hasa programu za benki na za pesa. Nenda kwa mwenye Wi-Fi mara moja kwa mwezi, mnunulie soda, sasisha zote.

Video: YouTube ina sehemu ya ubora wa video kwenye data ya simu, weka kiokoa data. Kuna hesabu moja inayosaidia hapa. Video inayohitaji kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 7.5 kwa dakika, sawa na MB 450 kwa saa. Ikihitaji megabiti 3, kama video safi zinavyofanya, ni zaidi ya GB 1.3 kwa saa. Mechi ya dakika 90 kwenye kioo cha inchi sita haihitaji usafi huo. TikTok nayo ina kiokoa data, kiwashe, maana hupakia video inayofuata kabla kidole chako hakijafika. Facebook zima video zinazojicheza zenyewe.

Picha za kamera kupanda zenyewe Google: Wi-Fi pekee.

Kiokoa Data cha Android chenyewe, kile kinachokaa kwenye mipangilio ya mtandao, kinazuia programu kutumia data zikiwa chinichini. Kiwashe, halafu zipe ruhusa zile unazotaka meseji zake zifike mara moja. Ukisahau kuzipa ruhusa utarudi kwangu kusema simu imeharibika, oda za wateja zinachelewa.

Wanafunzi wa SAUT na vyuo vingine mnaowashia kompyuta hotspoti, sikilizeni. Windows ikikamata hotspoti ya simu inaweza kuiona kama Wi-Fi ya bure na kuanza kushusha masasisho yake makubwa. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo ndani ya kompyuta, uuweke kuwa muunganisho unaopimwa. Bila hivyo bando la mwezi linaweza kuondoka na usiku mmoja wa kuandika ripoti ya mafunzo kwa vitendo.

Na ile imani kwamba ukirudisha simu kwenye 3G MB hazikatiki sana: picha ya MB 3 ni MB 3 hata ukiipakia kwa 2G. Kinachopungua ni video zinazojishusha ubora zenyewe kwa sababu kasi ni ndogo. Faida hiyo unaipata kwenye mipangilio ya YouTube bila kujitesa.

Hatua ya 5: MB zipo lakini kimduara kinazunguka tu

Huu ni ugonjwa mwingine, na hapa sasa mimi mwenyewe nimeumia. Kwenye ufundi napakua mafaili ya kuwekea simu programu upya, faili moja hufika GB 3 au 4. Nikanunua kifurushi cha mwezi kilichotangazwa kuwa hakina kikomo, nikaona nimepona. Siku ya tatu, mafaili manne yakiwa yameshashuka, intaneti ikaanza kutambaa. Nikapiga simu. Nikajibiwa kwamba nimefikia "kiwango cha matumizi ya haki", na kwamba kwa siku zote zilizobaki kasi ni kilobiti 128 kwa sekunde. Kwenye tangazo neno hilo halikuwepo. Lilikuwepo ndani ya ukurasa wa masharti, kwa maandishi ya kutafutwa na mtu mwenye miwani.

Kilobiti 128 ni kilobaiti 16 kwa sekunde. Picha ya MB 3 hapo inachukua dakika tatu na sekunde kadhaa. Faili la GB 3 usiku na mchana lingechukua zaidi ya siku mbili. Kikomo hakikuwekwa kwenye MB, kiliwekwa kwenye kasi.

Mchezo huu haukuanzia kwetu. Kule Marekani, kampuni ya simu ya AT&T ilifunga mlango wa vifurushi visivyo na kikomo kwa wateja wapya Juni 2010 na kuleta vya kupimwa, dola 15 kwa MB 200 na dola 25 kwa GB 2. Waliokuwa navyo tangu zamani waliachiwa, lakini wakaanza kupunguziwa kasi wakishatumia sana. Mwaka 2014 tume ya serikali inayosimamia biashara, FTC, iliishtaki kampuni hiyo kwa kutowaeleza wateja vya kutosha, na mwaka 2019 kesi ikamalizika kwa kampuni kukubali kutoa dola milioni 60. Kwa hiyo ukilalamikia neno "bila kikomo" usijione mshamba.

Sasa, utajuaje kama umepunguziwa kasi au ni mtandao tu umelemewa? Jaribu hivi, kwa mpangilio.

Kwanza sogea. Mji wetu umejengwa juu na katikati ya mawe, na nyumba iliyojificha nyuma ya mwamba kule Igogo au Mabatini inaweza kukosa mnara ambao jirani wa juu anaupata wote. Ukipanda hatua hamsini kasi ikarudi, tatizo ni jiwe.

Pili badili saa. Jaribu saa kumi na moja alfajiri, kisha saa tatu usiku. Alfajiri ikienda vizuri na usiku ikafa, mnara wa mtaani kwako umejaa watu.

Tatu weka laini ya mtu mwingine wa mtandao uleule kwenye simu yako, hapo hapo ulipo. Ya kwake ikikimbia na yako inatambaa, alfajiri na usiku, basi wewe ndiye uliyewekewa breki. Kuthibitisha, unga kifurushi kidogo kabisa cha kawaida. Kwa baadhi ya mitandao kasi hurudi dakika ileile, na hapo huna haja ya shahidi mwingine.

Vipimo hivi vyote viandike kwenye lile daftari, na saa zake.

Kabla ya kununua kinachoitwa hakina kikomo, uliza swali moja tu kwa huduma kwa wateja: "Nikifika GB ngapi kasi inapungua, na inapungua mpaka ngapi?" Uliza kwa meseji au kwa mazungumzo ya kuandika, ili jibu libaki.

Hatua ya 6: Safari za ziwani na mipakani

Fupi tu. Ukipanda meli kwenda Nansio, pakua unachotaka kusoma au kuangalia ukiwa bado bandarini, kisha zima data. Katikati ya ziwa simu huhangaika kutafuta mnara na kumaliza betri. Na ukielekea Sirari au Mutukula, zima utumiaji wa mitandao ya nje kwenye mipangilio ya laini. Simu haiijui mipaka ya nchi, inakamata mnara wenye nguvu, na data ya mtandao wa nchi jirani inaweza kukutoza kwa bei ambayo kifurushi chako hakikuitarajia.

Kama nyumbani mna simu nne na kila moja inaunga cha siku, hesabuni upya. Kifurushi kimoja kikubwa chenye kuhamishika mara nyingi kinakuwa nafuu. Kanuni za 2021 ziliagiza mitandao iweke njia ya kuhamisha MB kwenda namba nyingine ya mtandao huohuo, itafute kwenye menyu yao.

Hatua ya 7: Hesabu imegoma, lalamika kwa mpangilio

Yule kijana wa bodaboda. Aliunga saa moja na dakika tano asubuhi, meseji ya kufanikiwa ipo. Saa tatu na dakika ishirini akakatwa shilingi 6,000 za salio, matumizi ya intaneti nje ya kifurushi. Simu yake ilionyesha ametumia MB 118 tu kati ya 500. Meseji ya asilimia 75 haikufika, na isingefika, kwa sababu hakuwa amefika hata robo.

Tulifanya haya. Tulipiga picha za skrini tatu: meseji ya kuunga, meseji ya makato, na ukurasa wa matumizi ya data. Akaenda duka la mtandao wake mjini mwenyewe, kwa sababu kwenye simu angeambiwa "tunalifanyia kazi" mpaka Krismasi. Alipomaliza kueleza hakuondoka kabla ya kupewa namba ya lalamiko. Namba hiyo ndiyo tofauti kati ya malalamiko na manung'uniko. Akaiandika, na jina la kwanza la aliyemhudumia, na saa. Siku ya nne shilingi 6,000 zikarudi, bila maelezo wala pole.

Zisingerudi, mlango wa pili upo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, na lalamiko hupelekwa kwao baada ya mtandao wenyewe kushindwa kukumalizia. Ndiyo maana ile namba ni ya lazima, watakuuliza kama ulianzia kwa mtoa huduma. Lipo pia baraza la ushauri la watumiaji, TCRA-CCC, kazi yake ni kusimama upande wetu na kukuelekeza namna ya kuandika. Andika kwa ufupi: namba yako, tarehe, saa, ulichonunua, kilichotokea, namba ya lalamiko, unachotaka (urudishiwe nini). Historia ya hasira zako iache nyumbani.

Wengi husema kulalamika hakusaidii kitu. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vilianza kwa bei zilizowachoma watu. Kelele zilizopigwa siku ile zilifanya Serikali isitishe bei hizo mara moja. Miaka ile pia kilitangazwa kiwango elekezi cha kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja. Rudi kwenye hesabu ya Hatua ya 1 uone kifurushi chako kimekaa wapi ndani ya kamba hiyo.

Hatua ya 8: Ukishindwana nao, hama na namba yako

Tangu Machi 2017 unaweza kubadili mtandao ukabaki na namba ileile. Wateja wako wa Mwaloni hawatajua hata. Unaenda kwa wakala wa mtandao unaotaka kuhamia, ukiwa na namba yako ya NIDA, unatuma neno HAMA kwenda 15080, na unapewa laini mpya.

Kabla ya kutuma neno hilo fanya haya leo, usisubiri uwe dirishani kwa wakala. Azima laini ya mtandao unaotaka kuhamia, itumie nyumbani kwako na kazini siku mbili, alfajiri na usiku, kama tulivyofanya kwenye Hatua ya 5. Wapo waliohama kwa hasira wakakuta mnara wa huko hauifikii hata sebule yao. Lipa madeni ya salio na mikopo ya pesa za simu. Maliza MB na salio, haviendi na wewe. Toa pesa zote kwenye akaunti ya pesa za simu ya laini ya zamani, kwa sababu akaunti hiyo ni ya mtandao unaouacha na kwenye mtandao mpya utafungua nyingine. Waambie kikoba kabla siku ya kuchangia haijafika.